Sekunde Saba

Amagasaki, 9 Machi 1997

Dada Sawako,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye moshi wa viwanda. Natumaini baridi imeanza kulegea huko Ushizaki na mgongo wa shemeji Kisaburo haumsumbui sana. Sisi ni wazima. Mieko anakusalimu, anasema zile figili za chumvi ulizotutumia ziliisha kwa siku nne na mwizi ni mimi. Chinatsu amefanya mtihani wa kuingia chuo na majibu bado, kwa hiyo nyumbani ni mwiko kutamka neno "kuteleza", maana ndilo jina la kufeli, hata kama mtu ameteleza kweli bafuni. Jana niliteleza mimi, nikanyamaza.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Unakumbuka vuli iliyopita umeme ulipokatika, shemeji akalalamika kwa chama cha wakulima kwamba kompyuta ya kituo anachokitunza, cha pampu za kutoa maji ya mafuriko, inachukua dakika mbili na sekunde arobaini kuamka? Alikuwa na haki, ingawa mimi sitamwambia hivyo. Chama kikaiandikia kampuni yetu, na kazi ikaangukia mezani kwangu. Nadhani mkuu wetu, Bwana Hatakeda, alinipa kwa makusudi, akijua nimezaliwa huko.

Tatizo lilikuwa kwenye kiini cha mfumo, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayoamka kwanza ndipo iamshe mengine. Tulikitoa kwenye mtandao bure, na waliokitunga walitaka kifanye kazi kwenye kompyuta yoyote duniani. Kwa hiyo kila kikiamka kinapita kila mahali kadi inapoweza kuchomekwa na kubisha hodi: kuna mtu hapa, wewe ni nani? Pasipo na kitu hapana jibu, lakini chenyewe kinasubiri mpaka kichoke, ndipo kiende mlango wa pili. Kinaulizia diski za aina ishirini, mashine za kusoma picha, hata vinanda. Na muda wote huo maji yanapanda.

Nimekikomesha. Nimekiandikia orodha: kadi ya kipimo cha maji iko hapa, kadi ya swichi za pampu iko pale, basi. Hakiulizi tena, kinajua. Sekunde saba, Dada. Bwana Hatakeda, aliyesifia kitu mara ya mwisho tukiwa vijana, ameiandika saba hiyo kwenye kipeperushi cha kampuni kwa herufi kubwa kama yai. Fundi wetu atakuja kuiweka mwisho wa mwezi.

Naona nimefika ukurasa wa tatu, nifupishe. Mwambie shemeji, kama masikio yake yanaweza kupokea maneno ya mtu aliyechelewa kuokota mifupa ya mama yake mwenyewe pale tanuruni maiti ilipochomwa, kwamba sasa kompyuta haiulizi. Akibadilisha kadi yoyote, hata iliyoandikwa jina lile lile, aniarifu kwanza ili nirekebishe orodha. Ningepiga simu, lakini ya kwenu anaipokea yeye, na tangu mazishi akisikia sauti yangu anaiweka chini. Kwa hiyo posta ni wewe.

Mdogo wako,
Junzo

*

Ushizaki, 14 Aprili 1997

Mdogo wangu Junzo,

Tumeipata barua na tumefurahi kusikia mko wazima. Kuhusu Chinatsu, Mieko alinipigia simu asubuhi ile Kisaburo akiwa kazini, kwa hiyo najua ameteleza. Mwambie shangazi yake aliteleza mara mbili na bado anakula wali kila siku. Usimkalie kooni.

Huku maua ya cheri yameshapukutika na mashamba yanaanza kujazwa maji. Mgongo wa Kisaburo ni ule ule, unauma na yeye anauma watu. Bibi Hisano wa kitongoji cha chini, yule aliyenifundisha kutia figili chumvi, ametimiza miaka themanini na moja na bado anabeba mwenyewe jiwe la kukandamizia figili kwenye pipa. Nilipojaribu kumsaidia alinipiga kofi mkononi.

Fundi wenu alikuja. Kijana mpole, alikula bakuli tatu. Kisaburo alisimama nyuma yake na saa mkononi, akarudi nyumbani akasema ni saba kweli. Nilipomuuliza kama amefurahi, akasema zamani alikuwa na muda wa kuchemsha chai mashine ikiamka, na sasa hata kikombe hakipati. Kwa mtu kama yeye hiyo ni sifa, ichukue.

Bado anazunguka kituo kizima kila asubuhi, ananyooshea kidole kifaa kimoja kimoja na kukitaja kwa sauti: pampu ya kwanza, sawa, pampu ya pili, sawa, mafuta, sawa. Wapita njia wanamcheka. Mimi nikimsikia kutoka bustanini najua siku imeanza.

Nimemsomea barua yako. Punguza sigara.

Dada yako,
Sawako

*

Ushizaki, 19 Julai 1997

Mdogo wangu,

Hujajibu tangu masika, basi nakuandikia bila deni la jibu. Joto la mwaka huu si la kawaida. Mvua zilipita haraka na sasa mfereji umekauka hadi matope yanaonekana. Matango yamekuwa mafupi na machungu, lakini nitakutumia hivyo hivyo, Mieko anajua kuyafanya yalike.

Mapema mwezi huu tulipigwa na radi moja ya ghafla, bila mvua ya maana. Televisheni ya jirani iliungua. Kituoni iliunguza kadi ya kipimo cha maji, lakini Kisaburo alikuwa na nyingine kabatini iliyoletwa na chama mwaka juzi, jina lile lile, akaichomeka mwenyewe siku hiyo hiyo. Taa zote kijani. Alijisifu mpaka nikachoka, mtu wa miaka hamsini na tisa ametengeneza kompyuta kwa bisibisi.

Siku ya kuzikaribisha nyumbani roho za marehemu inakaribia. Njooni mwaka huu. Nitaongea na Kisaburo. Mama hataki kuona jina lako kwenye bahasha ya ubani, anataka kukuona wewe.

Sawako

*

Amagasaki, 10 Agosti 1997

Dada,

Sina salamu. Nilikuwa Asahikawa wiki tatu kufunga mitambo. Nimerudi jana, nikakuta gazeti la tarehe 7 juu ya rundo, na barua yako ya Julai chini yake. Nimepiga simu mara tano. Mara mbili Kisaburo alipokea, aliposikia ni mimi akaikata. Mara tatu ililia tu.

Niambie mko hai. Niambie ni nani aliyekufa. Gazeti limesema "mwanamke mmoja mzee".

Na kama kompyuta ile bado inafanya kazi, mwambie mtu yeyote, mwenyekiti wa chama, polisi, asiamini zile taa za kijani.

Junzo

*

Ushizaki, 27 Agosti 1997

Junzo,

Sisi tuko hai. Maji yalifika kwenye ngazi ya pili ya nyumba yetu yakasimama. Aliyekufa ni Bibi Hisano.

Ilikuwa saa tisa alasiri, tarehe 6. Mvua ilianza mchana, na kwa saa moja mfereji uliokuwa matope ukajaa. Umeme ukakatika. Jenereta ikawaka yenyewe, kompyuta ikaamka kwa sekunde zako saba, kila kitu kijani. Kipimo cha maji kilisema sufuri. Julai yote kilisema sufuri na ilikuwa kweli, kwa hiyo Kisaburo alikinyooshea kidole kila asubuhi akasema sawa. Siku hiyo alichungulia dirishani akaona maji yako usawa wa njia, akarudi kutazama kioo, sufuri. Anasema alisimama pale kama dakika tano akiamini kwamba macho yake ndiyo yamekosea. Hizo dakika tano anazirudia kila siku.

Pampu haziwaki zenyewe kama kipimo hakioni maji. Akaziwasha kwa mkono, peke yake, na mgongo ule. Lazima uzijaze maji kwanza, ufungue valvu, usubiri. Ilimchukua dakika arobaini. Bibi Hisano alikutwa kwenye chumba cha nyuma. Alikuwa anajaribu kuinua mikeka ya sakafu isilowe.

Kisaburo alikwenda kwa mwana wa Bibi Hisano akapiga magoti kwenye matope mlangoni. Mwanawe hakumtukana, alimwomba tu ainuke aende zake. Kisaburo amesema atakwenda tena kila tarehe 6.

Sasa wilaya imeunda kamati ya uchunguzi. Kampuni yenu imewaandikia kwamba mtambo ulikuwa mzima mpaka mtunza kituo alipochomeka kadi bila idhini. Wanakaa tarehe 15 Novemba. Mimi si mtaalamu, nimefunga figili maisha yangu yote. Nieleze kwa maneno ya kawaida kilichotokea, halafu uniambie kosa ni la nani. Usinizungushe.

Sawako

*

Amagasaki, 28 Septemba 1997

Dada Sawako,

Samahani kwa kukawia. Mieko alikuwa na homa, na Chinatsu ameanza masomo ya kurudia mtihani, anaondoka alfajiri na kurudi amechoka. Kumeanza kuwa na ubaridi jioni. Nimesikia habari za Bibi Hisano na nimemwashia ubani.

Ulitaka maneno ya kawaida. Ile kadi ya kabatini ina jina lile lile lakini ni toleo la baadaye, na inajibu kwenye mlango mwingine, si ule ulioandikwa katika orodha yangu. Kiini cha zamani kingebisha kila mlango kingeikuta. Changu kilikwenda moja kwa moja kwenye mlango wa zamani, ambao sasa haukuwa na mtu. Na kwa kuwa nilikuwa na hakika na orodha, nilikuwa nimeondoa pia ile hatua ndogo ya kuhakikisha kwamba kuna anayejibu. Programu ilipokuta kimya ikakisoma kuwa sufuri. Kadi mpya ilikuwa nzima, Dada. Ilikuwa inapima maji vizuri kabisa muda wote, ila hakuna aliyeiuliza.

Utauliza kama kulikuwa na njia nyingine. Ilikuwapo. Ningeweza kuamsha pampu kwanza kwa orodha, halafu kiini kibishe milango polepole nyuma ya pazia na kupiga kengele kikikuta tofauti. Ingekuwa kazi ya siku mbili zaidi. Au ningeibakiza ile hatua ndogo mahali pake, tungekuwa na sekunde tisa. Niliziona hizo tisa kwenye saa yangu mwezi wa pili. Saba ilipendeza zaidi.

Bwana Hatakeda aliniita. Alinimiminia chai mwenyewe, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasema, "Junzo, wewe hukuchomeka kadi." Mwanasheria wa kampuni amesema nisizungumze na yeyote wa Ushizaki, na barua hii sipaswi kuiandika.

Na nisiwe mwongo, kuna jambo ninalolishikilia kila ninapolala. Nilitoa onyo. Ukurasa wa tatu, nilisema wazi aniarifu kabla ya kubadilisha kadi. Ulimsomea, si ndiyo?

Junzo

*

Ushizaki, 13 Oktoba 1997

Junzo,

Tumevuna kilichosalia. Kisaburo hana kazi tena, amesimamishwa hadi kamati ikae, na anapasua kuni ambazo hatuzihitaji. Tarehe 6 alikwenda tena kwa mwanawe Bibi Hisano. Safari hii alipewa chai, na anasema afadhali angetukanwa.

Sikumsomea.

Nilimsomea kurasa mbili, tukiwa mezani. Alikuwa anacheka, Junzo. Alicheka pale ulipoteleza bafuni. Nilikuwa sijamwona akicheka jambo lako tangu siku ile ulipotokea tanuruni jioni, sisi tumeshaokota mifupa ya mama na kufunga chungu, na yeye ameshika vijiti vya kuokotea mahali pako kwa sababu mtoto wa kiume hakuwapo. Nilifungua ukurasa wa tatu nikakutana na "kama masikio yake yanaweza kupokea". Nikaona nikiendelea, kicheko kitakufa na mtarudi mlipokuwa. Nikasema, basi, anatusalimu, nikaikunja. Nilijiambia nitamweleza habari ya kadi siku nyingine, kwa maneno yangu. Kisha nikasahau, kwa sababu sikuielewa. Niliiona ni kama maagizo yanayoandikwa nyuma ya boksi. Hata Julai, nilipokuandikia kwamba amechomeka kadi, kichwa changu hakikuunganisha.

Kwa hiyo usiniulize tena "si ndiyo". Ungeweza kuandika onyo bila mwiba. Na mimi ningeweza kuruka mwiba nikasoma onyo. Nimelipima hili kila siku na sioni ni nani kati yetu mwenye nafuu.

Kisaburo hajui. Barua iko kwenye droo ya vitambaa vya kufunikia mapipa, ambako yeye hafungui. Nikiipeleka kwa kamati, itamsafisha, maana itaonyesha orodha ni yako na kwamba yeye hakuambiwa. Lakini wataniuliza kwa nini hakuambiwa, na mwanawe Bibi Hisano atakuwa amekaa pale. Hisano aliifundisha mikono hii kazi. Naona haya kusema naogopa, lakini naogopa.

Njoo. Sema wewe. Wewe una elimu ya kulisema.

Sawako

*

Amagasaki, 8 Novemba 1997

Dada Sawako,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kabla ya kujibu. Mieko ameisoma pia. Ndiye aliyesema kwamba nikikosa treni hii sitapewa nyingine, na huyu ni mwanamke asiyenisema kamwe.

Nimemwambia Bwana Hatakeda kwamba nakuja. Hakufoka. Aliniuliza kama nimefikiria ada ya chuo ya Chinatsu, nikamjibu kwamba nimefikiria, ingawa nilikuwa sijafikiria. Jumatatu nilikuta meza yangu imehamishiwa karibu na choo.

Nitawaambia kamati yote: orodha, ile hatua niliyoiondoa, na zile sekunde tisa. Na wakiniuliza kama nilimwonya mtu nitasema sikumwonya mtu. Ukurasa wa tatu haukuandikwa. Utie motoni. Hivyo kosa litakuwa la mtu mmoja, na mtu huyo hawezi kupotezewa heshima na Ushizaki kwa sababu alishaipoteza miaka mitatu iliyopita pale tanuruni.

Mwambie shemeji nakuja. Au usimwambie. Fanya utakavyoona, mimi sijui tena kipi kisemwe na kipi kisisemwe.

Junzo

*

Ushizaki, 2 Desemba 1997

Mdogo wangu Junzo,

Theluji ya kwanza ilianguka jana ikayeyuka kabla ya adhuhuri. Natumaini umefika salama, na kwamba Chinatsu anavaa nguo nzito. Nimewatumia figili, ingawa mwaka huu sikupata mkono wa kuzipima chumvi na zitakuwa kali.

Uliondoka bila kuingia ndani, na sikukulaumu. Lakini kuna mambo hukuyaona.

Ulisema vizuri siku ile. Wazee wa kamati hawakuelewa habari ya milango, ila walielewa mtu anayejishtaki, na nilimwona mwanawe Bibi Hisano akikutazama kwa mara ya kwanza kama binadamu. Walipokuuliza kama ulimwonya mtu ukasema hapana, niliinamisha kichwa. Nilijua umedanganya kwa ajili yangu. Nilishukuru, nikajichukia kwa kushukuru.

Ndipo Kisaburo akasimama. Ulisikia kama mimi: "Alinionya. Mke wangu alinisomea barua yake mwezi wa Aprili, yote. Nilisahau." Akaitoa barua mfukoni akaiweka mezani, na ukurasa wa tatu ulikuwa juu.

Nilikuwa nimekwenda kuitia motoni usiku wa kuamkia siku ile na sikuikuta. Nilidhani nimeisahau mahali.

Nilikutazama ukifungua mdomo, na wewe ukanitazama mimi. Ulikuwa unangoja niseme. Ungesema sikumsomea ungenichimbia kaburi mbele ya mtoto wa marehemu, kwa hiyo ulinyamaza. Mimi sina kisingizio hicho. Ningeweza kusimama. Miguu ilikuwa mizima. Nilikaa nikatazama viatu vya mwenyekiti mpaka wakaandika.

Wameandika kwamba mtambo ulikuwa na udhaifu, lakini onyo lilitolewa na likapuuzwa na mtunza kituo. Kisaburo amegonga muhuri wake chini kuwa amekubali. Kampuni yenu imetuma kisanduku cha matunda.

Jioni nilimuuliza aliipata lini. Akasema Agosti, wiki ile ile. Alikuwa anatafuta kitambaa cha kufunga kidole alichokata akisafisha matope. Miezi mitatu amekula chakula changu akijua. Nikamwambia asubuhi nitakwenda kwa mwenyekiti niseme ukweli, nipige magoti alipopiga yeye. Alikuwa anavua soksi. Hakuinua hata sauti.

"Ukienda," akasema, "mimi nitakuwa mwongo, mdogo wako atakuwa mwongo, na wewe utakuwa umemuua Hisano. Sasa hivi aliyekosea ni mmoja. Acha awe mmoja."

Nikamuuliza kama amenisamehe. Akaniuliza kama kuna wali.

Nikampakulia. Tukala. Tangu siku ile hajaniuliza neno lolote juu ya jambo hili, wala mimi sijamuuliza. Tarehe 6 atakwenda kwa mwanawe Bibi Hisano kama kawaida, kuomba radhi, na mimi nitamtengenezea furushi la kupeleka na kumfungulia mlango.

Dada yako,
Sawako